Jezi ya Khalfan, dua ya bibi

Leo nimemuonea wivu mtu anayekwenda kufungwa mabao.

Msicheke.

Binamu yangu Khalfan kachaguliwa timu ya taifa ya vijana ya hoki ya barafu. Kesho wanasafiri. Timu yenyewe kila ikitoka nje hurudi imechapwa, na bado roho inaniuma!

Mie ndiye niliyemfundisha kusimama kwenye barafu. Mie nimeachwa kwa sababu nimezidi umri miezi mitatu. Mitatu tu, jamani!

Basi mchana huu, nyumbani, mtaani kwetu Al Khuwair, bibi kaniita.

"Saidi, ifukize udi jezi ya mwenzio. Hatoki mtu kwangu kwenda ugenini ananuka jasho."

Nikaifukiza, chumbani peke yangu.

Halafu nikaivaa. (Nyie msingeivaa?)

Nipo najitazama kiooni, mara bibi huyu hapa! Macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Akanishika kichwa.

"Khalfan, mjukuu wangu."

Akaanza kunisomea dua. Ya safari, ya miguu, ya ushindi. Nikaipokea kama mwizi. Akamaliza, akanipulizia usoni.

"Na Saidi usimsahau huko. Yeye ndiye aliyekushika mkono siku ya mwanzo."

Nikaitikia kwa kichwa tu.

Bibi akafika mlangoni, akageuka.

"Haya Saidi, vua sasa, ukampe mwenyewe."

Jezi nimeshampa. Dua je, nayo nirudishe?

Nambieni, maana mie sitaki.