Mapazia ya Gari la Baba

Gari la baba yangu lilitembea siku moja tu. Lilitoka kichochoroni kwetu, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, mji wa kale, likifuata jeneza polepole, mapazia yamefungwa, na kiti cha nyuma hakikuwa na mtu.

Ilikuwa 1994. Hadi leo watu wananiuliza kama mzee alikuwa amerukwa na akili.

Hapana. Nawaeleza.

Baba yangu, Muhdhar, alikuwa fundi wa milango. Mama yangu, Zakiya, alikuwa na sukari, na kidonda cha kidole cha mguu kikawa hakiponi. Daktari akasema aende hospitali kidole kikatwe kabla ubaya haujapanda.

Mama kutembea hawezi. Teksi kichochoroni haiingii. Wanaume wa mtaani walijitolea kumbeba kwa kiti, akakataa katakata. Yeye, mke wa mtu, abebwe na wanaume mbele ya baraza za watu?

"Nitengezee gari lipitalo hapa, Baba Esha," akamwambia baba, akimwita kwa jina langu. "Likisha, n'takwenda."

Nilidhani ni mzaha. Baba akachukua uzi, akapima upana wa kichochoro baina ya baraza na baraza mpaka barabarani, akaanza kazi.

Injini ya pikipiki ya vespa, mbao, bati. Dereva mbele, abiria nyuma, upana wa kabati la nguo. Hakuna lingine kama lile duniani. Watu walitoka mpaka mtaa wa Ganjoni kuja kulipiga picha, na mzee, msimwone vile, kichwa kilimvimba.

Mimi nilipewa kazi ya kushona mapazia, mama asionekane.

Lakini gari haliishi kutengenezwa. Leo kiti kimeng'olewa, kesho mlango, wiki ijayo rangi inapigwa upya. Mama yuko kitandani, mguu unanuka. Damu ikanichemka. Nikamwambia baba usoni kwamba anapenda bati kuliko mkewe.

Aliinama akaendelea kupiga msasa.

Mama alifariki Ijumaa asubuhi. Wanaume waliporudi mazikoni, nilimkuta baba amekaa ndani ya gari. Nikamuuliza limefuata nini leo, wakati alishindwa kulimaliza mama akiwa hai.

"Nalimuahidi n'tampeleka," akasema. "Na gari lilikwisha tangu kabla ya Ramadhani."

Nikakaa chini.

Akanieleza kwamba kila alipomwambia mama twende, mama aliona kasoro. Kiti kigumu. Mlango wapiga kelele. Rangi haimpendezi.

"Nalikuwa nikijua aogopa kisu," baba akasema. "Nami nikaogopa kumlazimisha. Nikawa nafungua na kufunga tu, mwanangu."

Nilitaka kumlaumu. Kisha nikakumbuka mapazia.

Mara mbili mama aliniambia pindo limekwenda kombo, nilifumue. Mara zote mbili alinishika mkono akasema nisifanye haraka, nishone taratibu. Nami nilifurahi, kwa sababu nilishona nimekaa ubavuni mwake, tukipiga soga.

Pindo halikuwa kombo. Niliona kwa macho yangu, na nikalifumua.

Wewe unayesoma, kama nyumbani una mgonjwa anayeogopa hospitali, usimtii kwa sababu unampenda. Mbebe. Alie, akutukane, aone haya mbele ya baraza zote za mtaa.

Mimi leo natamani mama yangu angekuwa hai, amenikasirikia.