Mtani Alipomuuliza Mama Bwana Wake Yuko Wapi

Siku tuliyomzika mdogo wangu wa kike kule Mkunya, mtani wetu alivaa gauni la marehemu. Kwetu ndiyo kazi ya mtani msibani: anawasema wafiwa mpaka wacheke, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Bibi huyu, Mwislamu, jirani wa mama tangu ujana wao, alipiga magoti uani akainua mikono kama mama anavyosali.

"Bwana! Bwana wangu!" Akatega sikio juu. "Mh. Hapatikani. Miezi yote ya ugonjwa mmemwita, na msibani hajaja. Mwenzangu, huyo bwana uliwahi kumwona hata kisogo?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Swali hilo lilikuwa langu. Nimeliandikia kurasa nyingi, kwa maneno magumu zaidi, nikapigiwa makofi. Lakini siku ile niliogopa. Kilichobaki kwa mama ni furaha yake kwa Yesu. Ikivunjika nayo, mimi na shahada zangu tungempa nini?

Mama alifuta pua kwa pindo la khanga.

"Sijamwona," akasema. "Ila leo asubuhi nilishindwa kuinuka kitandani, na nikainuliwa."

"Nilikuinua mimi! Kiuno bado kinaniuma!"

"Ndiyo nasema. Angekuja mwenyewe, wewe ungepata wapi kazi?"

Akacheka, kicheko chake cha siku zote, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Mtani alimkumbatia, na gauni la marehemu mwilini, wote wawili wakaangua kilio.

Tuliporudi kutoka makaburini nilimkuta mama chumbani, mkekani, anashukuru kwa sauti kwa miaka aliyopewa kuishi na mwanawe. Katikati ya shukrani alilia mpaka mabega yakatikisika, na bado uso wake ulikuwa wa mtu aliyetembelewa. Miaka yote nilidhani anafurahi kwa sababu hajui mambo. Sasa alikuwa anayajua yote, na furaha haijaondoka.

Nikapiga magoti pembeni yake. Sikuwa nimesali tangu chuo, wala sikujua mtu anaanzia wapi. Nikasema, "Shikamoo."

Mama akageuka kunitazama.

"Haya," akanong'ona. "Endelea, baba."

Sikuweza. Nililia kwa mara ya kwanza tangu simu ya msiba, na mama akaniendelezea.