Puuza Sauti Fupi

Basi lilikuwa limeshakata kona na kupotea ndipo mkalimani aliposoma tena ujumbe aliotumiwa na kugundua kwamba haukuwa na anwani yoyote. Ulisema tu: nyuma ya karakana ya matairi, ulizia kwa Fundi.

"Fundi gani?" aliuliza mwanamke aliyeketi nyuma ya meza iliyojaa nyaya na simu za watu zilizokuwa zikichajiwa. "Hapa kila mtu fundi. Yule pale fundi viatu, yule fundi matairi, na mume wangu ni fundi wa kulala."

"Wa cherehani."

"Aa, huyo! Fuata muziki. Ukisikia umekatika usirudi nyuma, utaanza tena. Na ukifika mwambie Mama Chaji anasema aache kuitesa ile simu, itamfia mikononi."

Mkalimani alishukuru, akajitwika begi lake. Kufika mahali pageni ndiyo iliyokuwa kazi yake hasa, kutafsiri kulikuja baadaye. Alikuwa amelala katika vyumba vya watu wengi kiasi kwamba akiamka hukumbuka kwanza lugha ya mahali, kisha ndipo akumbuke mlango uko upande gani. Safari hii aliitwa na kiwanda cha saruji, ambako wafunga mitambo waliotoka mbali na mafundi wa kiwandani walikuwa wakitazamana tu kama mabubu. Kiwanda kilimtafutia chumba kwa mshona nguo mmoja, mgane, ambaye mwisho wa mwezi angehamia kwa bintiye na kumwachia mpangaji nyumba nzima.

Alimkuta Fundi amejikunja juu ya cherehani, tepu shingoni, chaki nyuma ya sikio, rundo la sare za shule pembeni mwake. Simu yake ilikuwa imesimamishwa ndani ya bakuli la bati dirishani, na bakuli hilo liliikuza sauti hadi barabarani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye wa maneno? Chumba chako kile, godoro ni jipya, mto ni wa zamani. Usiubadilishe, ni mzuri."

Siku zile za mwanzo mkalimani alirudi kutoka kiwandani na kichwa kinachovuma, akawa anakaa kwenye kizingiti akimtazama mwenyeji wake akishona. Hapo ndipo alipoliona jambo. Wimbo ukikaribia kwisha, Fundi aliondoa mguu kwenye pedeli. Sindano ilisimama ndani ya kitambaa. Aliinamisha kichwa upande wa dirisha, akangoja. Wimbo mwingine ulipoanza, aligeuka na kuendelea, uso umemshuka kidogo, kama mtu aliyesikia hodi akaenda kufungua na kukuta mlango wa jirani ndio uliogongwa.

Halafu ilikuwepo habari ya programu za muziki. Karibu kila baada ya siku chache Fundi aliifuta moja na kwenda kwa Mama Chaji kushushiwa nyingine. Mkalimani alimsindikiza mara moja, akamkuta fundi viatu amekaa pale, kiatu cha mtu mapajani, akisubiri kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

"Ile niliyokuwekea ilikuwa na kosa gani?" Mama Chaji aliuliza, mikono kiunoni. "Haina matangazo. Haili bando. Inakuonyesha maneno ya wimbo, ukitaka uimbe mwenyewe."

"Inaruka."

"Inaruka nini? Niliijaribu hapa mbele yako! Wimbo hadi wimbo, kama maji."

"Ndiyo hivyo. Inakwenda kama maji."

"Mzee anataka besi," fundi viatu alisema. "Mwekee ile yenye vile vijiti vya kupanda na kushuka. Ukiipandisha besi mpaka juu, hata koti linajishona."

"Besi ya nini, mtu mwenyewe anasikilizia kwenye bakuli la mchuzi?"

"Bakuli ni spika ya asili."

"Ya asili ya ukoo wako." Mama Chaji alichukua simu, akaanza kubonyeza. "Haya, hii ina nyota nyingi, watu wanaisifia. Inapanga nyimbo kwa mwimbaji, kwa albamu, kwa folda. Inazima yenyewe ukilala. Lakini hii iwe ya mwisho, Fundi. Unabadilisha kama mtu anayechagua mke!"

Alipolisema tu alilijutia. Fundi viatu aliinamia kiatu chake kwa bidii ya ghafla. Fundi mwenyewe alitabasamu bila kumwangalia mtu, akasema, "Mke nilichagua mara moja," akapokea simu yake.

Walirudi nyumbani. Simu yenye programu mpya iliwekwa kwenye bakuli, ikaimba vizuri, safi, wimbo hadi wimbo. Mguu uliondoka kwenye pedeli. Kichwa kiliinama. Wimbo uliofuata ulianza.

"Fundi," mkalimani alisema, "unasubiri nini hapo katikati?"

Fundi aliukata uzi kwa meno, akaikunja sketi ya mtoto asiyemjua, akaipiga kofi ikae sawa.

"Mama watoto," alisema.

Kisha akamweleza, akiwa ameipa cherehani macho. Yeye alikata na kushona. Mkewe alitia vifungo, akapiga pindo, akapeleka nguo kwa wateja. Mikono yake haikuwa na nafasi ya kuandika ujumbe, naye hakupenda kuandika. Alisema vidole vyake vimeshachoka na vifungo. Kwa hiyo akiwa njiani alibonyeza simu na kusema, na sauti ikaja hapa dirishani. Ujumbe wenyewe mfupi mfupi: mwalimu anasema kola inambana. Nunua sukari. Umekula?

"Simu yangu ya kwanza ilikuwa na kicheza muziki kibovu," Fundi alisema. "Kibovu kweli. Kilikuwa kinaokota kila kitu kilichomo ndani ya simu na kukiita wimbo. Mlio wa kengele, wimbo. Mahubiri, wimbo. Na jumbe zake, nazo nyimbo. Alipokuwa hai tulikuwa tunagombana kwa sababu ya hicho kitu. Wateja wamejaa hapa, muziki unalia, mara anaingia yeye: 'Baba watoto, usimpe yule mama gauni kabla hajalipa!' Na yule mama kasimama hapo hapo."

Alicheka, na mkalimani naye akacheka.

"Alipokufa, nikazima muziki. Nilipouwasha tena, ilikuwa tu nisisikie ukimya. Nashona, nyimbo zinapita, mara: 'Umekula?' Mwanangu, nilijibu. Nilijibu kwa sauti, nimeshika pasi, 'bado'. Tangu siku hiyo nikawa nashona kutwa."

Simu ile iliangukia kwenye ndoo ya maji. Binti alimnunulia mpya, akahamishia kila kitu, akamwekea kicheza muziki cha kisasa. Na mama watoto hakuja tena.

"Lakini jumbe zimo?" mkalimani aliuliza.

"Zimo zote. Binti alinionyesha zilipo. Nabonyeza, anasema." Fundi alitikisa kichwa. "Nikimfuata mimi, nakwenda nikijua nakwenda kwa marehemu. Akija mwenyewe, kwa ule muda mdogo kabla sijakumbuka, hajafa. Hicho ndicho ninachokitafuta. Sasa nimwambieje Mama Chaji? Aniwekee programu mbovu?"

"Binti yako umemwambia?"

"Nilimwuliza mbona inaruka. Akasema za kisasa ndivyo zilivyo. Na kwake ndiko ninakokwenda, wiki ijayo. Ningependa niende na mwenzangu."

Mkalimani aliomba simu. Aliingia kwenye mipangilio, akashuka polepole: rangi za kioo, ukubwa wa herufi, kusimama mtu anapopiga. Chini kabisa ilikuwepo sehemu ya kutafuta nyimbo, na hapo palikuwa pameandikwa, kwa Kiswahili cha mtu aliyetafsiri haraka: *Puuza sauti fupi kuliko sekunde sitini.* Swichi ilikuwa imewashwa. Alikitazama kile kitenzi kwa muda. Yeye angeandika *ruka*, au *usionyeshe*. Huyu mwenzake asiyemjua, aliyelipwa kwa neno, alikuwa ameandika *puuza*, na hakukosea.

Aliizima swichi, akairuhusu programu isome na folda ya jumbe, akaiambia itafute upya. Idadi ya nyimbo ilipanda ghafla. Akairudisha simu kwenye bakuli.

Zilipita nyimbo kadhaa, ukapita mlio wa simu ambao ulimshtua Fundi akaanza kujipapasa mfukoni, ikapita sauti ya mteja anayeulizia suruali. Kisha, wazi kabisa, sauti ya mwanamke anayetembea kwa haraka, akihema:

"Baba watoto, umefunga dirisha? Najua hujafunga."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha sare, akaivaa, akaivua tena. Mkalimani alitoka nje akajifanya anaanua nguo ambazo zilikuwa bado zimelowa.

Kwa siku zilizobaki nyumba ilikuwa na watu watatu. Fundi alifunga mizigo yake akiwa anazungumza peke yake, akabishana kuhusu sukari, akaapa kwamba amekula. Mkalimani alirudi kutoka kiwandani akasimama mlangoni kusikiliza kabla ya kuingia. Alijisikia ametenda jambo jema, na hilo halikuwa jambo la kawaida katika kazi yake, ambamo mtu hufikisha maneno ya wengine asijue yamefanya nini yalikofika.

Binti alikuja asubuhi na gari la mizigo. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyezoea kuamrisha vitu vikatii. Alimsalimia mkalimani kwa mikono miwili, akamtania baba yake kwamba amebeba mikasi mingi kama mtu anayekwenda kufungua duka la kinyozi. Walilitoa kabati. Walipolirudia rundo la vitambaa lililokuwa kando ya cherehani, simu iliyokuwa ikiimba dirishani ilinyamaza kidogo, na mama yake akasema:

"Umekula?"

Binti alisimama. Vitambaa vilimponyoka, akaviacha vilivyo chini.

"Umesikia?" Fundi alisema, uso wote umemnawiri. "Huyu dada ameitengeneza. Sasa anakuja mwenyewe, kama zamani."

"Nani amekuambia uiguse?" binti alimwuliza mkalimani, kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia baba yake. "Nilijua, Baba. Nilijua tangu siku ya kwanza jinsi ya kuirudisha. Nikanyamaza."

"Kwa nini, mama?"

"Kuna ujumbe mmoja humo. Unaujua."

Fundi alifikiri, akakunja kipaji kwa dhati. "Upi?"

"Ule wa 'mwambie binti yako kila nikimpigia hapokei'."

"Aa, huo!" Fundi alikuwa karibu kucheka. "Huo si ndio ule anaosema utakuwa umelala na simu chini ya..." Akaacha. Alikuwa ameusikia mara nyingi, na kila mara alikuwa amemsikia mke wake akilalamika kama alivyolalamikia dirisha na sukari. Sasa alimtazama mwanawe na kuonekana kuusikia kwa masikio mengine.

"Sikuwa nimelala," binti alisema. "Nilikuwa nimechoka naye. Nikasema nitampigia Jumapili. Jumapili haikumkuta." Aliinama, akaanza kuokota vitambaa kimoja kimoja, akivikunja vizuri kuliko ilivyohitajika. "Nilikuja kukuona mara moja, ile simu ya zamani ikausema nikiwa naosha vyombo. Sijui utaniambia nikae vipi jikoni kwangu, Baba, sijui ujumbe ule utatoka lini."

Mkalimani alitamani angekuwa kiwandani, mahali ambapo asiyeelewa huomba arudiwe.

"Utavaa vya masikioni," binti alisema, akijifuta uso kwa kiganja. "Vaa vya masikioni usikilize. Au acha hivyo hivyo. Nitazoea."

"Hutazoea. Na mama yako hakuwa anakuja masikioni. Alikuwa anaingia chumbani." Fundi aliichukua simu kutoka kwenye bakuli. Aliishika kwa mikono miwili muda mrefu, na wimbo uliokuwa ukiimba, wa watu wanaoshangilia harusi, ukaendelea hadi mwisho. Hapo katikati hakuna sauti iliyoingia. Ulipoanza mwingine akamnyooshea mkalimani.

"Irudishe ilivyokuwa, mwanangu."

"Baba, acha," binti alisema.

"Wewe ndiye ninayekwenda kuishi naye," Fundi alisema. Hakulisema kwa upole wala kwa ukali. Alilisema kama anayesoma kipimo kwenye tepu.

Mkalimani aliingia kwenye mipangilio. Rangi, herufi, simu zinazoingia. Aliigusa swichi, ikageuka rangi, na idadi ya nyimbo ikashuka mbele ya macho yao wote watatu.

Kilichobaki kilikuwa ni kubeba. Cherehani ilitoka mwisho, imefungwa kwenye shuka. Fundi alimwonyesha mkalimani jinsi ya kulibembeleza bomba la uani, na ufunguo upi ni wa kuzungusha mara mbili. Alipanda mbele, bintiye katikati, dereva upande wa pili, na Fundi ameipakata mikasi yake kwa sababu hakuiamini kule nyuma.

"Kazi yako ni kusema maneno ya watu," alimwambia dirishani. "Haya ya kwetu usiyaseme."

"Sitayasema, Baba."

Gari liliondoka kwa kusitasita, likakwepa dimbwi la karakana, likaingia barabara kuu. Muziki ulisikika kidogo, kisha ukamezwa na injini. Mkalimani alibaki amesimama pale kizingitini, mikono haijui pa kukaa.

Fundi viatu alikuja akiburuta ndara, sindano bado mkononi.

"Ameshakwenda?"

"Ameshakwenda."

"Hakuniaga."

"Alisema alikuaga jana."

"Jana aliniaga," fundi viatu alisema, akiitazama barabara. "Leo hakuniaga."