Baiskeli tisa na watu wanne

Jamani, nyumba yangu ina watu wanne na baiskeli tisa.

Wakimbizi wanaovuka kutoka Burundi hawaruhusiwi kupanda nazo basi la kambini. Wanaziuza hapo barabarani, na mume wangu, Baba Neema, hajui kukataa.

Jana nilimwambia, "Kesho zitoke. Nimechoka kuruka magurudumu kila nikienda jikoni."

Asubuhi akaondoka na mbili kwenda kuziuza gulioni Mbuba.

Mchana karudi nazo zote mbili. Na nyuma yake mzee mmoja anasukuma ya tatu!

Nikasimama mlangoni na maneno yangu makali tayari.

"Shikamoo mzee," nikaanza. (Hasira isinifanye nikose adabu.)

"Marahaba, mama." Akaendelea kwa Kirundi, ambacho sisi Wahangaza tunakielewa vizuri. "Baiskeli hii nimeshamwachia mumeo. Nataka tu kuona itakapolala."

Nikampisha.

Aliingia sebuleni akazitazama, zote zimepanguswa na kutiwa mafuta. Akauliza ni za nani.

Nilitegemea Baba Neema aseme ni zake. Lakini alianza kugusa moja moja.

"Hii ni ya mama mwenye mapacha. Hii ya kinyozi. Hii ya binti aliyekuwa na homa. Wakirudi, watazikuta."

Miezi yote hii sikuwahi kumuuliza.

Mkono wa mzee bado uko kwenye usukani wa baiskeli yake.

Jamani, ni mimi mwenyewe niliyesogeza kochi ili nayo ipate nafasi.

Ninyi mngemwambia nini mume kama huyu?