Ardis na Kwezi wa Aprili

Kwa miaka thelathini na mmoja Ardis Tollefson aliwapakulia watoto wa shule chakula cha mchana, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyemruka mwenzake kwenye foleni akabaki na sahani yake. Mtoto wa daktari, mtoto wa mfuga ng'ombe, wote walirudishwa nyuma kwa upawa. Hata leo, mwanamume mwenye mvi akikutana naye dukani hujikuta ameficha mikono nyuma.

Alipostaafu akahamishia ulezi kwa ndege. Nyuma ya nyumba, mkabala na dirisha la jikoni, alisimamisha nguzo ya chuma akatundika vilishio vitatu: viwili vya mbegu za alizeti, na kimoja cha waya chenye kipande cha shahamu. Majira yote ya baridi, theluji ikiwa magotini, alikunywa kahawa pale dirishani akiwatazama wageni wake: ndege mwekundu aitwaye kadinali na mkewe, vijidege vyenye kofia nyeusi vilivyochukua mbegu mojamoja kwa adabu, na gongonola, yule ndege mtoboa miti, aliyefika saa mbili asubuhi kudonoa shahamu.

Aprili ikaingia, theluji ikayeyuka, na kwezi wakaingia nayo. Hawakuja mmoja wala wawili, walimwagika. Weusi, wa kumetameta, na sauti za bawaba iliyokosa mafuta. Waligombania shahamu, wakatupa mbegu chini, na kabla kahawa haijapoa vilishio vilikuwa vitupu. Kadinali alikaa juu ya uzio kama mtu aliyefika harusini akakuta sufuria zinaoshwa.

Ardis akatoka na sufuria na mwiko, akagonga. Kwezi wakaruka hadi kwenye paa, wakapumzika kidogo, wakarudi. Kesho yake akafunga vipande vya karatasi ya kung'aa vipeperuke. Kwezi mmoja akasimama mbele ya kimojawapo akajitazama. Siku ya tatu akatoka na bastola ya maji ya mjukuu wake, amevaa gauni la kulalia na mabuti, na hapo akasikia mtu anacheka ng'ambo ya uzio.

Alikuwa LaVonne, dada wa marehemu mumewe, jirani yake kwa miaka ishirini na sita.

"Wifi! Umejiunga na jeshi lini?"

"Hebu niondokee. Wezi hawa wamenimalizia shahamu ya wiki nzima."

"Basi lenga vizuri. Nguzo imelowa, ndege mkavu!"

Ardis alikuwa anatafuta jibu la kumchoma alipoona bakuli mkononi mwa wifi yake. Akachungulia juu ya uzio. Uwanja mzima wa LaVonne ulikuwa mweusi kwa kwezi, na katikati yao vipande vya mkate.

"Kumbe ni wewe unayewaita!"

"Nawaita? Wana mabawa, wana macho. Mimi nawakaribisha tu."

"Unakaribisha majambazi, LaVonne."

"Kwako wewe, mwenye sauti nzuri ni mgeni, mwenye sauti mbaya ni jambazi."

Wakanuniana. Ardis akateremsha vilishio vyote, akaapa kwamba kadinali asipokula, hakuna ndege atakayekula. Kweli, kwezi wakauhama uwanja wake. Lakini kadinali naye hakuonekana tena, wala gongonola. Kwa siku tano alikunywa kahawa ameupa uwanja mgongo, na kahawa haikuwa na ladha.

Siku ya sita akaenda duka la vifaa vya ujenzi, ambako Twyla, muuzaji aliyekula chakula chake tangu darasa la kwanza, alimsikiliza hadi mwisho.

"Acha alizeti kwanza, Bi Tollefson. Chukua mbegu hizi nyeupe. Chungu, halafu ganda gumu. Kadinali anazila, kwezi anazitema. Na shahamu ifunike juu na ubavuni kwa mbao, ibaki wazi chini tu. Gongonola anakula akining'inia miguu juu. Kwezi hilo linamshinda."

"Na wifi yangu?"

"Huyo sina mbegu yake, bi."

Mbegu alizipata, lakini mbao za kisanduku cha shahamu zilihitaji kutobolewa, na keekee ilikuwa kwa LaVonne. Ardis akaoka viazi na nyama ya kusaga, akabeba bakuli la moto hadi mlango wa pili.

LaVonne alikula kijiko cha kwanza. Cha pili ndipo akasema, "Unajua kwa nini nawapenda? Nyumbani kwetu tangu nikiwa mdogo ni 'LaVonne, shusha sauti.' Mama, kaka yangu, kanisani. Hawa wanapiga kelele zao na hakuna anayewanyamazisha."

"Mimi sijawahi kukwambia hivyo."

"Krismasi, wifi. Mbele ya watu."

Ardis akaona haya, maana ilikuwa kweli.

"Nilikosa," akasema. "Nisamehe."

"Nimesamehe. Lete hizo mbao."

Jumamosi wakatoboa na kupigilia, LaVonne akiimba kwa sauti yake yote, wala hakuambiwa kitu. Naye kwa hiari yake akahamishia karamu ya kwezi nyuma ya gereji, akabadilisha mkate kwa mahindi yaliyobanjwa.

Kwezi walirudi kwenye nguzo mara moja, wakaonja, wakatema, wakaenda zao gereji. Siku ya nne kadinali akatua na mkewe. Gongonola alijining'iniza chini ya kisanduku kana kwamba kilijengwa kwa ramani yake.

Mwezi Mei, kwezi mmoja akajifunza. Alijirusha miguu juu chini ya kisanduku, akadonoa mara moja, akaanguka. Akapanda tena, akaanguka tena.

"Wifi!" LaVonne akapaza sauti kutoka uzioni. "Jambazi wako yuko juu!"

"Namwona," Ardis akajibu, akajiongezea kahawa. "Mwache ale. Shahamu hiyo ameitolea jasho."