Mwezi Ambao Yogeswari Hakufagia

Yogeswari alipokamatwa na chupa za gongo nyuma ya jiko, mwanawe Kavishan ndiyo kwanza alikuwa ameota meno mawili ya chini. Siku za kuchuma chai zilikuwa zimepunguzwa, mumewe Thiyagu alikuwa ameumia mgongo, na gongo ndilo lililokuwa likinunua unga. Faini ilimshinda. Kisheria alitakiwa kuingia ndani, lakini hakimu alimwona mtoto akinyonya pale pale mbele ya korti, akasema kupitia kwa mkalimani:

"Gereza la wanawake limefurika mpaka barazani. Sitaki kukupeleka huko na huyo mdogo. Kifungo chako utakitumikia nje. Utafagia hekalu la shambani kwenu kila asubuhi mpaka nitakaposema basi. Ukiacha, utaingia ndani. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mheshimiwa."

Na kweli alifagia. Ukungu haujapanda mlimani, yeye amekwisha kumwachia mama mkwe mtoto na kuteremka hekaluni kwa Mariamman, mungu wao wa kike, na ufagio wake. Alizoa majani, vifuu vya nazi na maua yaliyonyauka, akamwaga maji mlangoni, kisha akapanda mbio kuwahi jina lake kwa nyapara wa chai. Wenzake walimngoja kwa hamu.

"Haya, mjakazi wa Mungu," jirani yake Rasamma alimtania. "Umeshampangusa bibi yako miguu?"

"Nimempangusa. Kakuulizia wewe. Anasema siku hizi huonekani."

Wakacheka, naye akacheka nao, kapu mgongoni. Alikuwa na sababu ya kucheka: jioni angemkuta Kavishan mlangoni, anajifunza kutambaa, magoti yamejaa vumbi la jikoni.

Afisa wa huduma kwa jamii, Bwana Wijekoon, alikuwa akija bila taarifa na pikipiki yake, amevaa koti la mvua. Aliangalia mashamba mengi peke yake. Yeye Msinhala, Yogeswari Mtamili, lugha haikuwaunganisha, ila akikuta uwanja safi aliitikia kwa kichwa, akaondoka.

Mvua kubwa zilipoanza, mama mkwe akafariki. Alifia usingizini, Kavishan amelalia mkono wake. Walimzika chini ya bonde, na tangu siku hiyo nyumba ikawa na unajisi wa msiba. Mtu wa nyumba iliyofiwa hakanyagi uwanja wa hekalu mpaka mwezi uishe. Kuhani Sivanandi mwenyewe alipokuja kutoa pole alisimama nje kwenye tope, hakuvuka kizingiti, hata maji hakunywa.

"Yoges, ufagio wako nimeuweka ndani," akasema. "Tutaonana mwezi ukiisha."

"Ndiyo, baba."

Basi, yakaishia hapo. Haikumjia akilini kumpelekea Bwana Wijekoon habari. Jambo lenyewe hata watoto wa pale walilijua. Nani angedhani mtu mzima, tena wa serikali, anahitaji kuambiwa? Alijiona anafanya lililo sawa, na moyo wake ulitulia. Msiba ulipopoa kidogo akarudi kuchuma chai, kwa maana shamba halina matanga. Kavishan alibaki na baba yake, aliyekuwa akilala chali kwenye mkeka, anamtikisia kijiko ili asilie.

Bwana Wijekoon alikuja akakuta majani yameoza uwanjani. Akaja tena, yameongezeka. Akamwita kuhani, ambaye alijua Kisinhala cha sokoni.

"Yule mwanamke yuko wapi?"

"Haruhusiwi kuja hapa, bwana."

"Nani kamkataza?"

"Mimi. Amefiwa."

"Wewe ndiye korti siku hizi?" Bwana Wijekoon akanyoosha kidole mlimani, ambako wanawake walikuwa wamejipanga kati ya michai, na Yogeswari miongoni mwao. "Mbona kule hukumkataza?"

Kuhani alianza kueleza, lakini pikipiki ilikuwa imekwisha kuwaka.

Kortini hakimu alikuwa yule yule, na macho yake yalikuwa yamechoka zaidi.

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Chai ulikuwa unachuma?"

"Nilikuwa nachuma."

"Kwa hiyo mikono ilikuwa inafanya kazi."

"Mheshimiwa, kwenye chai nachafua nguo zangu tu. Pale hekaluni ningewachafulia watu wote. Nyumba yetu ilikuwa imefiwa."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Ungekuja ukasema. Ningekupa hospitali ufagie, au shule, au barabara. Popote."

Mkalimani alipomaliza, Yogeswari alimtazama kana kwamba bado anangoja maneno mengine. Kumbe palikuwa na popote. Hakuna aliyewahi kumwambia.

"Sikujua, Mheshimiwa."

"Na mimi hilo la msiba sikulijua," hakimu akasema polepole. "Lakini hiki kifungo cha nje wakubwa wengi hawakitaki. Wanasema tunawadekeza watu. Nikikuachia wewe uliyeacha kazi mwezi mzima, kesho sitaruhusiwa kumpa mwingine." Akaandika. Yogeswari alikuwa anaingia ndani.

Kwenye ujia wa korti Rasamma alikuwa amembeba Kavishan. "Niachie mimi, dada. Kule watoto wanaugua."

"Utampa nini? Kijiko chenyewe anakitema." Maziwa yalikuwa yameanza kumlowesha kifuani kwa kumsikia tu mtoto akiguna. "Na wewe unashinda chai kutwa. Utamwachia nani?"

Rasamma alimtazama Thiyagu, aliyekuwa ameegemea ukuta kwa mikono miwili, kisha akatazama chini. Akamkabidhi mtoto kwa mama yake.

Waliwasili gerezani alasiri, wakati wa kufungiwa. Afande wa mlangoni aliandika jina la Yogeswari tu. Mtoto haandikwi, kwa hiyo hapewi sehemu. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake waliolala kiubavu, wamepangana, na wengine wamekaa kando wakingoja zamu yao ya kulala. Wengi walikuwa wameshindwa na faini, kama yeye.

"Umekuja na furushi?" aliuliza bibi mmoja, mkubwa wa chumba.

"Ni mwanangu, mama."

"Haya, kaa hapo karibu na mfereji. Zamu yako ikifika utalala. Nikisema geukeni, tunageuka wote kwa pamoja. Angalia usimlalie."

"Nikipitiwa na usingizi je?"

"Usipitiwe."

Yogeswari alikaa, magoti kifuani, akamnyonyesha. Kavishan alinyonya, akashiba, akataka kutambaa. Alishuka pajani, akaweka kiganja chini kutafuta pa kuanzia, akakuta mguu wa mtu. Akajaribu upande wa pili, akakuta nywele. Mama yake akamrudisha pajani. Akashuka tena.