Pumzi Katikati ya Neno

Pale kwa dobi walimwita Hakimu, ingawa majoho yote aliyowahi kushika yalikuwa ya watu, ya kupiga pasi. Jina alilipata kwa mdomo wake. Haukupita wimbo, filamu wala tamthilia mbele yake bila kuhukumiwa. Redio ilikaa juu ya kabati la sabuni, televisheni ndogo ilikuwa kule mbele kwa wateja, naye yuko katikati na pasi yake ya mvuke, anakata kesi.

"Bastola ya huyu jambazi inazaa," alizoea kusema. "Nimehesabu risasi arobaini, hajajaza hata moja." Vijana wanaoimba mapenzi huku wakilia aliwaona wagonjwa wa kupelekwa zahanati. Na tamthilia ya saa kumi, aliyoitukana kila siku wala hakuikosa hata siku moja: "Yule mama mkwe angekuwa wangu, ningehama na paa la nyumba."

Aliyembishia alikuwa mmoja tu, mama wa kaunta, aliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili.

Kulikuwa na mwimbaji mmoja ambaye Hakimu hakuwahi kumhukumu. Hakimu alimpenda dada huyo tangu nyimbo zake za kwanza, na mapenzi hayo alimrithisha kitindamimba wake, binti wa miaka kumi na sita. Jioni, binti akiosha vyombo na baba akivua viatu, waliimba pamoja mpaka mke wake akawaambia wawahurumie majirani.

Kisha ukatoka wimbo mpya wa yule dada. Hakimu aliusikia kazini, pasi ikabaki hewani.

"Ameharibu," akasema.

"Nini tena?" akauliza mama wa kaunta.

"Sikiliza kiitikio. Anasema 'nitakungo', anahema, halafu ndiyo anamalizia 'ja'. Mwimbaji hahemi pale. Anahema mwisho wa mstari."

"Ni mtindo, Hakimu. Dunia inakwenda mbele."

"Mtindo gani wa kukosa hewa?"

Mama wa kaunta alicheka. Hakimu naye alijaribu kucheka, lakini akarudi kutega sikio redioni. Pumzi ile aliifahamu. Alitafuta siku nzima ni wapi aliwahi kuisikia, asipate.

Jioni alimkuta binti yake karai mbele, anauimba wimbo uleule. Alipofika kwenye neno lile, akahema palepale.

"Mwanangu, hilo kosa usiliige."

"Siigi, baba. Ndivyo unavyotoka."

Hakimu akavua viatu. Ila tangu hapo masikio yake hayakulala. Alisikia jinsi binti alivyopanda ngazi za jengo lao na kusimama ghorofa ya pili, akisema anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Asubuhi alikuta kitandani kwa binti mito miwili, mmoja wao wa mama yake. Alipomuuliza, binti alisema akilala chini sana anahisi kama anazama.

"Ni ujana huo," mke wake akasema. "Wanakua, wanachoka."

Alhamisi yule mwimbaji alihojiwa redioni. Mtangazaji akamuuliza kuhusu kiitikio. Dada akacheka: alifanya makusudi, alitaka neno lisikike kama mtu anayekatwa na kilio.

"Sikukuambia?" mama wa kaunta akampigia makofi. "Leo hukumu imetenguliwa!"

Hakimu alifurahi kushindwa kuliko alivyowahi kufurahia kushinda. Kumbe ni mtindo. Kumbe mtoto anaiga tu. Alirudi nyumbani mwepesi, akamwambia binti, "Hebu tuimbe ule wa zamani."

Ule wa zamani haukuwa na pumzi ya katikati. Ulikuwa na mistari mirefu iliyonyooka, na walikuwa wameuimba mara mia. Wakaanza. Mstari wa pili binti akakatika katikati ya neno, akahema, akaendelea. Wa tatu akakatika mara mbili. Baba aliacha kuimba. Binti akaimba peke yake kidogo, kisha akaweka sahani chini na kushika ukingo wa karai.

"Geuka," baba akamwambia.

"Nimefanya nini?"

"Geuka tu, mama."

Akaweka sikio mgongoni kwake. Ndani kulikuwa na sauti ndogo, kama nguo mbichi inapoguswa na pasi. Hapo akakumbuka. Alikuwa mtoto mdogo, amelala nyuma ya mama yake, sikio likiwa mgongoni, na sauti hii ndiyo iliyokuwa ikimbembeleza, pamoja na wimbo wa mama uliokatwa na pumzi katikati ya neno. Aliidhani ni sauti ya mama wote. Alipofika miaka tisa, ilinyamaza.

Alimpigia simu dada yake mkubwa. "Mama alikufa kwa ugonjwa gani?"

Dada akajibu: "Moyo. Hukuwahi kuuliza. Kuna nini?"

Kesho yake walikuwa hospitali. Daktari alisikiliza kifua cha binti kwa muda mrefu, akamwita mwenzake, naye akasikiliza. Hakuna aliyetabasamu. Waliuliza kama aliwahi kuugua koo na viungo kuvimba utotoni. Mke wa Hakimu akajibu ndiyo, akaanza kulia kabla hawajaeleza lolote. Mlango mmoja wa moyo ulikuwa umekakamaa kwa ugonjwa ule, wakasema, na maji yameanza kuingia mapafuni. Dawa zitayapunguza. Mlango wenyewe utahitaji upasuaji.

Alilazwa wiki tatu. Siku moja kabla ya upasuaji, wakiwa wawili tu, binti akauliza, "Bibi alikuwa na miaka mingapi alipokufa?"

Hakimu alitamani kudanganya. "Thelathini na mmoja."

Binti akahesabu kimya. Baba aliona midomo yake ikicheza.

"Alipasuliwa?"

"Hapana. Hakuna aliyejua."

Upasuaji ulichukua saa tano. Hakimu alisimama kwenye korido muda wote. Mkewe alikaa, akasimama, akakaa. Daktari alipotoka alisema wameukarabati mlango, unafungua na kufunga, lakini mtoto atachomwa sindano ya kinga kila mwezi kwa miaka mingi, na asikose kliniki hata mara moja. "Tusije tukajidanganya kwamba yamekwisha," akasema.

Waliruhusiwa kuingia mmoja mmoja. Binti alifumbua macho, akamwona baba yake, akasema, "Maji."

"Bado," muuguzi akasema.

Hakimu akaukamata mkono wa mtoto, wa baridi, akasimama hapo kumsikiliza akipumua.